Kutafuta kazi kwa rejista: mwongozo kwa aliyepoteza ajira

Mwishoni mwa Januari 2025 tuliitwa kwenye kikao kifupi tukaambiwa tuzime kompyuta na turudishe funguo. Nilikuwa karani wa takwimu kwenye mradi wa VVU jijini Mwanza. Kazi yangu ilikuwa kuingiza kwenye mfumo kadi za wateja wa kliniki ya CTC, yaani ya matunzo na tiba ya VVU, na kuwapigia simu waliokosa tarehe zao. Tarehe 20 ya mwezi huo Marekani ilikuwa imesimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Machi ikatangazwa kwamba asilimia 83 ya programu za USAID, shirika la misaada la Marekani, zimefutwa, na ilipofika Julai mosi shirika lenyewe likaacha kufanya kazi. Wengi wetu tulikaa miezi hiyo yote tukiambizana kwamba mradi utarudi. Ndiyo miezi ninayoijutia kuliko yote.

Kupata kazi nyingine kulinichukua miezi kumi na moja. Ninaandika kwa ajili ya aliyetoka getini juzi na mfuko wenye kikombe chake na kalamu tatu, hajui kesho ataamkia wapi. Mifano yangu ni ya Tanzania na ya kazi za hospitali, lakini mtu wa stoo au wa benki ataweza kuigeuza ikamfaa.

Hatua ya kwanza: chukua kilicho chako kabla hujatafuta kingine

Wiki ya kwanza usitume hata barua moja ya maombi. Shughulikia kwanza karatasi za kazi uliyotoka, kwa sababu zina muda wake na muda hausubiri uchungu upoe.

La kwanza kabisa: ukiambiwa "andika tu barua ya kujiuzulu, ni utaratibu", usiandike. Kama ni mwajiri anayekuondoa, barua inatakiwa itoke kwake. Aliyeacha kazi kwa hiari yake hapati fao la kukosa ajira, na hata kudai kwamba aliachishwa isivyo halali kunakuwa kugumu. Nina rafiki aliyesaini karatasi ya namna hiyo ili "tuachane vizuri", na ilimgharimu nusu mwaka wa chakula cha watoto.

Dai mambo yafuatayo kwa maandishi. Mshahara wa siku ulizofanya kazi. Malipo ya likizo ambayo hukwenda. Notisi, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi haipungui siku 28, au fedha badala yake. Kiinua mgongo, kwa aliyefanya kazi mfululizo mwaka mmoja au zaidi: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema si chini ya siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Na dai cheti cha utumishi. Wengi hukisahau, kisha mwajiri mpya anapoomba uthibitisho wanakuta ofisi ya zamani imeshafungwa na hakuna wa kusaini.

Ukiona umeachishwa bila sababu halali au utaratibu haukufuatwa, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Si siku 30 tangu ulipopata nguvu ya kwenda. Ofisi za CMA zipo mikoani na unaweza kufika mwenyewe bila wakili.

Ukitoka hapo, nenda NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Kama umechangia miezi isiyopungua 18 na hukuacha kazi mwenyewe, uliza fao la kukosa ajira: ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Si nyingi, lakini inalipa kodi ya chumba, na mtu mwenye uhakika wa kodi hutafuta kazi kwa akili iliyotulia.

Hatua ya pili: waambie nyumbani, hesabu fedha pamoja nao

Najua watu waliokuwa wakiamka asubuhi, wanavaa shati la kazini, wanakwenda kukaa kijiweni hadi jioni ili mke asijue. Usijifanyie hivyo. Siri ya namna hiyo inakula nguvu ile ile unayoihitaji kutafutia kazi, na siku ikijulikana, kinachouma zaidi ni kule kufichwa.

Kaeni mezani, andikeni kilichopo na kinachotoka kila mwezi, mgawanye. Kisha tengeni fungu dogo la kutafutia kazi: bando, nauli ya daladala, nakala za steshenari, muhuri wa wakili. Fungu hilo lisiguswe, hata sukari ikiisha. Ada za shule, nenda ukazungumze na mwalimu mkuu kabla mtoto hajarudishwa nyumbani. Shule nyingi hukubali kulipwa kwa awamu ukiwahi kusema.

Mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, ukimbie, pamoja na ile ya kwenye simu inayokupa fedha ndani ya dakika tano. Deni linalokua kila wiki litakufanya ukubali kazi yoyote kwa mshahara wowote, na wanaolijua hilo watakupa mshahara huo.

Hatua ya tatu: fungua rejista

Hapa ndipo penye moyo wa mwongozo wangu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwezi wa kwanza nilituma maombi kama mtu anayerusha mawe ziwani. Asubuhi nane, kesho sifuri, keshokutwa mawili usiku wa manane. Simu ikikaa kimya wiki mbili nilikuwa najiambia sifai. Siku moja nikajiuliza: kliniki, mteja asipokuja tarehe yake, tulikuwa tunasema ametuchukia? Hapana. Tulikuwa tunafungua rejista, tunaangalia jina, tunapiga simu. Asipopokea, tunaandika "hakupokea", tunapiga tena baada ya siku mbili. Simu ambayo haikupokelewa haikuwa hukumu juu ya yeyote. Ilikuwa mstari unaosubiri kujazwa.

Nikanunua kaunta buku, daftari nene, nikapiga mistari ya wima kwa rula. Safu zangu zilikuwa saba: tarehe, kazi na taasisi, tangazo nimelipata wapi, mwisho wa kutuma, nimetuma nini, tarehe ya kufuatilia, majibu. Safu ya sita ndiyo inayofanya kazi kubwa. Siku ya kumi na nne baada ya tarehe ya mwisho niliandika barua pepe fupi au nilipiga simu: "Habari za kazi. Niliomba nafasi ya karani wa kumbukumbu tarehe fulani, nilitaka kujua kama zoezi bado linaendelea." Wengine walikuwa wakali, wengi walijibu vizuri, na wawili waliniambia nafasi imeshajazwa. Hata hilo lilinisaidia, maana niliufuta mstari nikaacha kuungojea.

Pamoja na rejista, tunza tangazo lenyewe. Lipige picha ya skrini au lichapishe, kwa sababu likipita tarehe huondolewa mtandaoni. Nilipigiwa simu moja baada ya miezi mitatu, nikafungua picha ile ile nikajua nimeitiwa nini.

Jiwekee kipimo unachokiweza mwenyewe. "Wiki hii nipate kazi" hakimo mikononi mwako. "Wiki hii nitume maombi matatu yaliyoandaliwa vizuri na nizungumze na watu watano" kimo. Ijumaa jioni nilihesabu mistari. Ikitimia, nilifunga daftari kwa amani hata kama hakuna aliyejibu. Na niliweka saa: mbili na nusu asubuhi hadi saa sita na nusu mchana, Jumatatu hadi Ijumaa. Baada ya hapo sikufungua matangazo tena. Kuperuzi nafasi za kazi saa tano usiku hakujawahi kunipa kazi. Kulininyima usingizi tu.

Hatua ya nne: CV isemeayo kazi, si cheo

Chukua CV yako usome kila sentensi ukijiuliza: anayesoma anaona nilichokuwa nafanya? Yangu ilisema, "Nilihusika na uingizaji wa takwimu." Haisemi kitu. Niliibadilisha: "Niliingiza kadi za CTC2 za wateja wapatao 60 kwa siku, niliandaa ripoti ya mwezi kwenye mfumo wa takwimu za afya wa DHIS2, na nilifuatilia kwa simu wateja waliokosa tarehe ya kliniki." Mtu yule yule, kazi ile ile, lakini sasa anaonekana.

Andika kwa lugha ya tangazo. Likiwa kwa Kiingereza, jibu kwa Kiingereza. Likiwa kwa Kiswahili, usijionyeshe. Kurasa mbili zinatosha. Weka wadhamini watatu ambao umewaomba ruhusa, na kila unapotuma maombi muhimu wape taarifa, wasije wakapigiwa simu wakauliza "nani huyo?"

Halafu soma matangazo kumi ya kazi unayoitaka uone ni ujuzi gani unarudiwa. Kwa kazi yangu ulikuwa GoTHOMIS, mfumo wa kompyuta wa taarifa za hospitali, na Ekseli. Ekseli nilijifunza nyumbani kwa kompyuta ya kuazima. GoTHOMIS niliomba kituo cha afya cha karibu wanikubali nijitolee siku mbili kwa wiki. Wakanikubali, na pakawa ni mahali pa kwenda, pa kuitwa kwa jina.

Hatua ya tano: watu

Wengi wanasema bila koneksheni hupati kazi. Ipo mahali ni kweli, na inauma. Lakini nilichokiona ni kwamba ninachokosa mara nyingi si mtu wa kunipa kazi, ni mtu wa kuniambia kazi ipo. Na huyo unaye. Tatizo ni namna tunavyomwomba. Ukimwambia "nitafutie kazi", umemtwika mzigo, atasema sawa na hatapokea simu yako tena. Muulize kitu anachoweza kukijibu hapo hapo.

Nilimpigia muuguzi mstaafu niliyefanya naye kazi zamani, ambaye sasa yuko hospitali moja ya taasisi ya dini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, umepotea!"

"Nipo mama. Ule mradi ulifungwa, sasa natafuta kazi za kumbukumbu za hospitali. Sikuombi unitafutie. Nilitaka kukuuliza tu: hapo mlipo, wakihitaji karani huwa wanatangaza wapi?"

Akacheka. "Mtandaoni hutaona kitu. Wanabandika ubaoni pale mapokezi. Uwe unapita."

Nikawa napita kila Alhamisi. Nikazifanyia hivyo hospitali nyingine nne. Ubao ule haumo kwenye kundi lolote la WhatsApp, na kwa kazi za chini na za kati taasisi nyingi binafsi bado zinautumia.

Hatua ya sita: serikalini

Nafasi nyingi za utumishi wa umma hupitia Sekretarieti ya Ajira, kwenye mfumo wake wa mtandaoni, Ajira Portal. Fungua akaunti mapema, usingoje tangazo, kwa sababu utahitaji namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), cheti cha kuzaliwa na vyeti vya taaluma vilivyothibitishwa na mwanasheria. Hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliki. Kinachotakiwa ni cheti chenyewe. Barua ya maombi isainiwe. Watu huenguliwa kwa kukosa saini, nami naona huko ni kupotezwa nafasi kwa jambo la dakika moja.

Angalia majina yako. Kama cheti kimoja kinasema Juma A. Hamisi na kingine Hamisi Juma, shughulikia hati ya kisheria ya majina sasa, wala usiache mpaka siku ya usaili. Siku hiyo utabeba vyeti halisi na kitambulisho, na nauli, chakula na malazi ni juu yako. Kwa anayetoka Mwanza kwenda Dodoma hizo ni fedha. Ziweke kwenye lile fungu tangu mwanzo. Ukifaulu mahojiano ukakosa nafasi, jina linaweza kubaki kwenye kanzidata na ukaitwa baadaye, kwa hiyo usibadilishe namba ya simu.

Nenda pia kwenye huduma za ajira za serikali ukajiandikishe. Huunganisha watafuta kazi na waajiri.

Kuhusu matapeli nitasema kifupi. Anayekuambia utume fedha ya fomu, ya sare, ya kupimwa afya au "ya kumshukuru bosi" kabla hujaona mkataba, ni mwizi, hata kama barua yake ina nembo. Wanajua tumechoka, ndiyo maana wanatufuata.

Hatua ya saba: kibarua cha kati

Kufanya deiwaka hakukuondoi kwenye taaluma. Kuanzia mwezi wa nne nilikuwa nashinda mchana soko la Kirumba Mwaloni, nikimwandikia mfanyabiashara mmoja wa dagaa magunia yanayoingia na yanayotoka. Kazi ya asubuhi ikabaki ya kutafuta kazi. Huo ndio mpaka ninaousisitiza: kibarua kisile zile saa nne. Kikizila zote, baada ya mwaka utajikuta umehamia bila kuamua.

Na nilikiandika kwenye CV. Kuhesabu magunia 200 bila kukosea ni kutunza kumbukumbu.

Hatua ya nane: mwili na roho

Nililala vibaya miezi miwili. Kilichonisaidia kilikuwa kuamka saa ile ile niliyokuwa nikiamkia kazini, kutembea kutoka Buzuruga hadi mjini mara tatu kwa wiki, na kutokwepa watu. Ukiacha kwenda jumuiya, msikitini au kwenye vikao vya ukoo kwa sababu huna mchango, unajitenga na wale wale wanaosikia kazi zilipo. Nenda, useme huna. Jumapili rejista yangu haikufunguliwa.

Ukiona wiki zinapita huli, hulali, au mawazo ya kutotaka kuishi yanakuja, hilo si uvivu wala si udhaifu wa imani. Mwambie mtu mmoja siku hiyo hiyo na uende hospitali. Muhimbili ina idara ya afya ya akili, na hospitali za rufaa za mikoa zina wahudumu wa kukusikiliza. Nakuomba uende.

Hatua ya tisa: simu na usaili

Namba ngeni pokea. Ukiwa kwenye daladala na makelele, sema: "Samahani, niko barabarani, naomba nikupigie baada ya dakika tano." Shuka, fungua rejista, piga.

Siku moja kabla, nenda ukaione sehemu yenyewe na ujue gari linapita wapi. Vyeti halisi na nakala vikae kwenye bahasha moja. Andaa jibu la dakika mbili la "tueleze habari zako", ukilisema kwa sauti mbele ya mtu. Wakiuliza kwa nini uliacha kazi, sentensi moja inatosha: "Mradi ulifungwa kwa kukosa ufadhili." Usimseme vibaya mwajiri wa zamani hata kama alikukosea.

Kwenye usaili ulionipa kazi walikuwa watu watatu. Mmoja aliniuliza, "Ukikuta faili mbili zenye jina moja utafanyaje?" Nikamjibu nilivyokuwa nikifanya: naangalia tarehe ya kuzaliwa, mtaa, namba ya simu na namba ya usajili, na siunganishi chochote kabla sijamwona mgonjwa mwenyewe, maana dawa ya mtu mmoja ikiingia kwenye faili la mwingine inaweza kuua. Nikaona ameandika kitu. Jibu lile sikulisoma popote. Kwa hiyo unapojiandaa, andika matukio matano ya kazi yako ya zamani: tatizo lilikuwa nini, ulifanya nini, ikawaje. Utashangaa ni maswali mangapi yanajibiwa na hayo matano.

Ukikosa, jipe jioni moja ya kusikitika. Asubuhi andika kwenye rejista maswali yote waliyouliza kabla hujayasahau, halafu endelea na mstari unaofuata.

Hatua ya kumi: kabla ya kusaini

Soma mkataba wote, hata kama mkono unatetemeka kwa furaha. Angalia mshahara ulioandikwa ni kabla au baada ya makato, mkataba ni wa muda gani, unachangiwa mfuko gani wa hifadhi ya jamii, na kipindi cha majaribio ni cha miezi mingapi, maana hakitakiwi kuzidi 12. Kisha wapigie wadhamini wako watatu uwape taarifa kabla hawajaisikia kwa wengine, na uende mwenyewe kumshukuru aliyekuambia ubao uko wapi.

Kaunta buku yangu niliijaza hadi ukurasa wa 41. Tangu mwezi wa pili ipo kwa kijana mmoja wa Igoma aliyepunguzwa kiwandani; ameanzia ukurasa wa 42, kwa safu zile zile saba.